Maonyesho ya Sanaa Yenye Mchujo wa Majaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wachoraji na Wachongaji

Maswali haya ni yale yanayorudi kila tangazo jipya likitoka kwenye makundi ya wasanii, Dar, Nairobi, Kampala na kwingineko. Yamepangwa kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale ya pembeni. Kama umeshawahi kuomba, ruka sehemu ya kwanza.

## Mambo ya mwanzo

Maonyesho ya mchujo ni nini?

Ni maonyesho ambayo msanii yeyote anayetimiza masharti anaruhusiwa kupeleka kazi, kisha jopo la majaji linachuja na kubakiza chache za kutundikwa. Waandaaji wanatoa tangazo na tarehe ya mwisho, unapeleka picha za kazi mtandaoni, majaji wanakaa, majibu yanatoka. Mengine yana raundi mbili: ya kwanza kwa picha, ya pili kazi yenyewe inapelekwa ikaonwe kwa macho. Maonyesho ya majira ya joto ya Royal Academy, London, yanayofanyika kila mwaka tangu 1769, ni ya aina hii.

Jopo huwa na waratibu wa maonyesho, wasanii wakongwe, wenye galari, walimu wa vyuo, na mara nyingine mtu wa mfadhili. Majina yao yakitangazwa, yasome kabla hujasoma kiasi cha zawadi.

Tofauti yake na kuonyesha galari ni ipi?

Galari inakuchukua ikitarajia kuuza, na uhusiano wenu unaendelea. Kwenye mchujo unaingia kwa kazi moja au mbili, maonyesho yanafungwa, kila mtu anashika njia yake. Soko la kazi za mikono ni kitu kingine kabisa: unalipia meza, hakuna anayekuchuja, na faida yake ni mauzo ya siku hiyo.

Yananisaidia nini hasa? Nitauza?

Huenda ukauza, lakini usiende kwa hesabu hiyo. Wengi hawauzi.

Unachopata ni macho ya watu ambao usingewafikia kwa kubisha hodi. Jaji anayepitia mamia ya picha mara nyingi ana shughuli zake: anaandaa maonyesho yake, anashauri wanunuzi, anapendekeza majina kwa programu za ukaazi wa kisanii, ambako msanii hupewa mahali pa kukaa na kufanyia kazi kwa muda. Kazi yako ikimkaa kichwani, hata jopo likikuacha nje, yeye ameshakuona. Pili, unapata mstari kwenye CV ambao mtu mwingine ameuthibitisha. Kusema "mimi ni msanii mzuri" hakumsaidii anayesoma maombi yako. Kusema jopo fulani lilichagua kazi yako mwaka fulani kunamsaidia. Tatu ni katalogi, yaani kitabu cha kazi zilizoonyeshwa, ikiwepo. Maonyesho yakishafungwa, katalogi ndiyo inayobaki kwenye rafu za watu.

Ndiyo maana unapochagua pa kuomba, jiulize kwanza nani ataiona kazi hii. Ukumbi wa kifahari usio na watu wa fani yako haukufikishi popote.

Lazima niwe nimesoma sanaa chuoni?

Hapana. Maonyesho mengi hayaulizi cheti. Machache ni ya wanafunzi au wahitimu, na tangazo husema hivyo mapema.

Nianze lini?

Ukiwa na kazi nane hadi kumi zinazoonekana zimetoka mkono mmoja. Sisemi zifanane, ila mtu akizipanga ukutani asidhani ni za watu watano. Anayeomba akiwa na kazi moja nzuri anaweza kuchaguliwa, tatizo linakuja siku ya ufunguzi mtu akimuuliza, "Nyingine ziko wapi?"

## Kuchagua pa kuomba

Sisi wa Afrika Mashariki tuna yapi ya kuomba?

Anza karibu. Nairobi kuna Manjano, mashindano na maonyesho yaliyoanzishwa na GoDown Arts Centre kwa wasanii wa jiji. Nairobi hiyo hiyo, Kenya Museum Society huandaa maonyesho ya kazi za bei nafuu kwenye Makumbusho ya Taifa. Bei ina kikomo, kwa hiyo yanawafaa wenye kazi ndogo. Dar es Salaam ndiko ilikoanzia 2003 bienale (maonyesho ya kila baada ya miaka miwili) ambayo baadaye iliitwa East African Art Biennale, na Kampala ilianza ya kwake 2014. Fuatilia pia matangazo ya Nafasi Art Space, Mikocheni: si yote ni ya maonyesho, mengine ni ya mafunzo na ukaazi, lakini njia ya maombi ni ile ile na ni mazoezi mazuri.

Kwa bara zima, tuzo ya Absa L'Atelier ilianza Afrika Kusini 1986 na baadaye ikafungua milango kwa nchi nyingine, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania. Imejengwa kwa ajili ya wasanii wanaochipukia, kwa hiyo soma masharti ya umri ya mwaka husika. Dak'Art, bienale ya Dakar, iliyoanza 1992 na tangu 1996 ikajikita kwenye sanaa ya kisasa ya Afrika, hutoa wito kwa wasanii wa bara na wa ughaibuni. Wapiga picha wana Bamako, ambako bienale ya upigaji picha ilianza 1994.

Usiyaombe yote mwaka mmoja. Matatu au manne uliyoyachunguza yanatosha, na kuyaandaa vizuri kutakula muda kuliko unavyodhani.

Na Venice je? Naombaje?

Huombi. Bienale ya Venice haina dirisha la maombi kwa msanii mmoja mmoja: mratibu mkuu anaalika wasanii wake, na nchi zinaleta mabanda yao. Uganda ilikuwa na banda kwa mara ya kwanza 2022, ikatoka na tuzo ya kutajwa kwa heshima. Tanzania ikaingia 2024. Ukiona tangazo linaloahidi "nafasi yako Venice" kwa ada, soma swali la barua pepe za sifa hapa chini. Kuwa na banda la nchi nako si dhamana ya kitu: mwaka 2015 wasanii wa Kenya walipiga kelele kwamba banda lililobeba jina lao limejaa Wachina, mpaka serikali ikajitenga nalo.

Ada ya maombi ni halali?

Ndiyo, sehemu nyingi. Marekani karibu kila mchujo una ada, na maombi mengi hupitia tovuti ya CaFÉ, ambako dola 25 hadi 50 ni jambo la kawaida. Uingereza ni vivyo hivyo. Kwetu, na kwenye bienale nyingi za Afrika, mara nyingi ni bure.

Ada ya kupitia maombi ni ndogo, inalipwa na kila anayeomba, na hairudishwi ukikataliwa. Malipo yanayodaiwa baada ya kuchaguliwa, ya ukuta, ya mwanga, ya katalogi, ya "kutangazwa", ni biashara nyingine. Hapo wanakuuzia ukuta, na wanayemtafuta ni mwenye pesa.

Kabla ya kulipa dola 35 piga hesabu yote: ada, fremu, usafiri wa kwenda, usafiri wa kurudi, kodi ya forodha. Ukiona jumla inapita bei ya kazi yenyewe, pesa hiyo ingenunua rangi.

Nimepata barua pepe: "Tumevutiwa sana na kazi zako, umechaguliwa." Niiamini?

Kama hukuomba, tia shaka. Waulize wameona kazi gani, na wataje jina lake. Tafuta picha za maonyesho yao yaliyopita: kuna watu ukumbini au kuta tu? Watafute wasanii wawili walioshiriki mwaka jana na uwaandikie Instagram, utashangaa wanavyojibu. Ukidaiwa mamia ya yuro kwa mita ya ukuta, umeshapata jibu.

Kuna wengine hutumia ujanja mpole zaidi: nafasi ni bure, ila kitabu chenye picha yako unanunua wewe, nakala kadhaa.

Sina kadi ya benki. Nalipaje ada ya nje?

Kenya, M-Pesa GlobalPay inakupa namba ya Visa ya kulipia mtandaoni. Tanzania, Vodacom wana kadi ya Visa ya M-Pesa. Jaribu kwa kiasi kidogo siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho. Malipo yakigoma saa tano usiku wa siku ya mwisho hakuna wa kumlalamikia. Pia waandikie waandaaji uombe msamaha wa ada. Baadhi wana nafasi hizo na hawazitangazi kwa sauti.

## Kuandaa maombi

Nipeleke kazi ipi?

Peleka ile inayosomeka ikiwa ndogo kama kitambulisho kwenye skrini, maana ndivyo jaji atakavyoiona mara ya kwanza. Kazi ambayo uzuri wake wote uko kwenye unene wa rangi au ukubwa wa mita tatu inaumia kwenye mchujo wa picha. Kwa hiyo ongeza picha ya karibu ya sehemu yake, kama wanaruhusu.

Wakitaka kazi tatu, peleka tatu zinazozungumza pamoja. Kosa la kila siku ni kuonyesha kwamba unaweza kila kitu: picha ya Mmasai, mandhari ya bahari, na kitu kisichoeleweka umbo. Jopo linaona mtu ambaye bado anatafuta.

Na usichore kwa haraka kazi mpya ya kulingana na mada ya tangazo. Inajionyesha.

Nipigeje picha za kazi? Sina kamera.

Simu nzuri inatosha. Hapa ndipo maombi mengi yanapofia, kwa hiyo tulia nami kidogo.

Toa kazi nje ya kioo. Itundike au iegemeze ukutani, kwenye kivuli cha wazi, upande wa nyumba usiopigwa na jua, asubuhi ya saa tatu au nne. Jua la moja kwa moja linaleta mng'ao kwenye rangi ya mafuta, na flashi inafanya vibaya zaidi. Angalia kilicho mkabala: ukuta wa kijani au shati jekundu la anayekusaidia hurudisha rangi juu ya turubai nyeupe, nawe unabaki kujiuliza kwa nini anga limekuwa la waridi. Vaa nyeusi au kijivu.

Simu iwe sawa na kitovu cha kazi, na ilale kwa mwinamo ule ule wa kazi. Kama imeegemea ukuta, simu nayo iegemee. Usisogee karibu; rudi nyuma hatua kadhaa kisha vuta kwa lenzi ya mara mbili, la sivyo kingo zitapinda kama tumbo la pipa. Weka simu juu ya matofali au stendi, tumia kuchelewesha kwa sekunde mbili. Piga moja ukiwa umeweka karatasi nyeupe pembeni ya kazi: baadaye kwenye programu ya kuhariri utaitumia karatasi hiyo kurekebisha weupe. Kata hadi kwenye ukingo wa kazi, ondoa ukuta, ondoa fremu, ondoa vidole. Usiongeze ukali wa rangi. Kazi ikifika na kuonekana imepauka kuliko picha yake, waandaaji wengi wana haki ya kuirudisha.

Kinyago kinahitaji picha tatu: mbele, ubavuni na ya karibu, mbele ya shuka la kijivu lisilo na mikunjo. Mpingo uliosuguliwa unameta, kwa hiyo ning'iniza kitambaa cheupe chepesi kati yake na dirisha.

Usitume faili kwa WhatsApp kama picha, inabanwa. Tuma kama hati au weka Google Drive.

Faili na vipimo niandikeje?

Fuata tangazo neno kwa neno. Wakisema JPEG yenye pikseli 2000 upande mrefu, isiwe 1990. Jina la faili liwe na jina lako, kichwa cha kazi na mwaka, si IMG ikifuatwa na namba. Vipimo ni sentimita, kimo kwanza, kisha upana, kisha kina. Ukigeuza, kazi ya wima inapangiwa ukuta wa kazi ya ulalo.

Maelezo ya msanii yaandikwe vipi?

Kwa ufupi na kwa vitu vinavyoonekana. Linganisha haya mawili:

"Kazi zangu zinachunguza hali ya ubinadamu katika dunia inayobadilika na kuhoji utambulisho wa Mwafrika wa leo."

"Nachora kwenye magunia ya mchele niliyoyanunua sokoni Kariakoo. Naacha maandishi ya kiwanda yaonekane chini ya nyuso za wapagazi, kwa sababu mzigo unajulikana ulikotoka na mbebaji hajulikani."

La kwanza linaweza kuwa la mtu yeyote. La pili, hata kabla ya kuona picha, jaji anajua ataona nini na kwa nini. Taja malighafi, taja mahali, taja unachokifanya kwa mkono, kisha sababu moja. Acha maneno ya "safari yangu" na "tangu nikiwa mdogo nilipenda kuchora". Kila mtu alipenda.

Kiingereza changu si kizuri. Niandike Kiswahili?

Andika kwa Kiswahili kwanza, kwa jinsi unavyoongea na fundi mwenzako. Kisha mpe anayejua lugha zote mbili akutafsirie kwa sentensi fupi fupi. Programu za kutafsiri zinasaidia, ila mwambie mtu asome, maana zina tabia ya kupamba. Dak'Art inafanya kazi kwa Kifaransa na Kiingereza. Kwa maonyesho ya hapa nyumbani, uliza: baadhi ya waandaaji wanapokea Kiswahili bila shida, na jopo lenye Waswahili litakuelewa vizuri zaidi.

CV yangu haina kitu. Niweke nini?

Weka kilichopo. Maonyesho ya pamoja hata kama yalikuwa kwenye ukumbi wa shule, warsha uliyohudhuria, ukuta uliouchora na aliyekupa kazi hiyo, fundi uliyejifunza kwake. Uanafunzi kwa mchongaji wa Kimakonde Mwenge au kwa wachoraji wa Tingatinga ni elimu, uandike hivyo. Nusu ukurasa wa kweli unatosha. Usiandike "maonyesho ya kimataifa" kwa sababu mtalii alinunua.

Bei niweke kiasi gani?

Bei iwe moja popote: galari, maonyesho, kwako nyumbani. Mnunuzi akigundua kwamba akikufuata nyumbani unapunguza nusu, galari haitakusamehe.

Kamisheni, yaani sehemu ya bei wanayochukua waandaaji kazi ikiuzwa, ndiyo inayowachanganya watu. Tuseme unataka laki sita mkononi na waandaaji wanachukua asilimia 40. Wengi wanaongeza asilimia 40 juu ya laki sita, wanapata 840,000. Ikiuzwa, waandaaji wanakata 336,000 na wewe unabaki na 504,000. Hesabu sahihi ni kugawa: 600,000 kwa 0.6, sawa na 1,000,000.

## Majaji na majibu

Majaji wanaangalia nini?

Raundi ya kwanza ni ya haraka sana, sekunde chache kwa picha, na kinachoondolewa kwanza ni picha mbaya na maombi yasiyofuata masharti. Mjadala wa kweli unaanza baadaye, kwenye kazi za katikati: hakuna anayezichukia na hakuna anayezipigania. Kazi inayopigwa kura na wote kwa uvivu mara nyingi inapitwa na ile ambayo jaji mmoja anaipigania na mwingine anaipinga. Ukuta nao una sauti yake. Wakishapata picha nne za sokoni, ya tano inaachwa hata kama ni nzuri.

Kuna upendeleo?

Upo, kama popote. Fani ni ndogo na watu wanajuana. Ndiyo maana baadhi ya michujo inafunika majina. Tuzo ya uchoraji ya John Moores ya Liverpool, iliyoanza 1957 kwa wachoraji wanaoishi Uingereza, inahukumiwa bila jaji kujua nani kachora. Kwenye tangazo lisilo na majina ya majaji wala maelezo ya jinsi ya kuchuja, una haki ya kuuliza kabla ya kulipa.

Nimekataliwa. Ina maana kazi ni mbaya?

Ina maana jopo lile, mwaka ule, halikuichukua. Mwaka 1863 jopo la Salon, maonyesho makubwa ya mchujo ya Paris, lilikataa kazi nyingi hadi mfalme Napoleon III akaamuru zionyeshwe kando, na kati yake ilikuwamo ya mchoraji Manet ambayo leo iko makumbusho. Lakini usijifariji sana kwa kisa hicho: wengi waliotundikwa pale hawakuwa Manet.

Kazi ile ile ikikataliwa mara tatu sehemu tofauti, mwonyeshe picha zake msanii unayemwamini ambaye hakuogopi. Anza na picha kabla ya kugusa kazi.

Naweza kuomba maoni ya majaji?

Omba mara moja, kwa adabu, baada ya majibu. Wengi hawatajibu. Usimfuate jaji kwenye WhatsApp yake.

## Ukichaguliwa

Nifanye nini kwanza?

Soma mkataba kabla ya kupiga picha ya furaha. Tafuta mambo manne: nani analipia usafiri wa kurudi, bima inaanza wapi na kuishia wapi, kamisheni ni ngapi na unalipwa baada ya siku ngapi, na picha za kazi yako zitatumika wapi. Bima inayofunika ukumbini tu haikusaidii turubai ikitobolewa uwanja wa ndege. Kama hakuna mkataba, andika barua pepe yenye mambo hayo na uombe wakujibu "tumekubali".

Nasafirishaje turubai?

Ikiwa kubwa, ivue kwenye fremu na uiviringishe, upande wa rangi ukiwa nje. Watu wengi hufanya kinyume kwa kudhani wanailinda. Rangi ikiwa ndani inakunjamana na kupasuka. Tumia bomba pana la PVC, kadiri lilivyo pana ndivyo bora. Plastiki isigusane na rangi: akriliki kwenye joto la Dar inanata, na ukifika unabandua plastiki pamoja na anga lote. Tanguliza karatasi ya kuokea mikate isiyonata. Rangi ya mafuta ya mwezi jana haijakauka hata kama inaonekana imekauka.

Weka ndani ya bomba karatasi yenye jina, kichwa, vipimo, thamani na anwani mbili. Kwenye fomu ya forodha usiandike "si ya kuuza" kama inauzwa.

Kinyago cha mpingo kinaruhusiwa kutoka nchini?

Mpingo ni Dalbergia, na tangu Januari 2017 karibu jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mabadiliko ya 2019 yalilegeza: bidhaa zilizokamilika zenye mti huo usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja hazihitaji kibali cha CITES. Kinyago kidogo kinapita humo, ila ujamaa (kinyago cha Kimakonde cha watu waliobebana) wa kimo cha mtu hauwezi. Pima kwa mizani kabla ya kujaza fomu, na kwa Tanzania ulizia TFS, wakala wa misitu wa serikali, kuhusu nyaraka za mazao ya misitu, ambazo ni jambo tofauti na CITES. Pembe za ndovu, hata kipande cha jicho, usiguse.

Nikiuza, hakimiliki inaondoka?

Hapana. Mnunuzi anapata kitu. Haki ya kuchapisha kadi, fulana na kalenda inabaki kwako mpaka uiandike vinginevyo, na sheria za Kenya na Tanzania zinaiweka hai maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Kenya imeongeza haki ya mauzo ya baadaye kwenye marekebisho ya 2019: kazi yako ikiuzwa tena kibiashara, unastahili asilimia 5. Kwa migogoro, milango ni ofisi za hakimiliki: KECOBO Kenya na COSOTA Tanzania.

Lazima nisafiri na kazi?

Si lazima, lakini ufunguzi ndipo watu wanapokutana. Kwa viza ya Schengen omba mapema: dirisha linafunguka miezi sita kabla ya safari na mwisho ni siku 15. Barua ya mwaliko itaje jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti na iseme nani analipia malazi. Jina la kisanii peke yake linakwamisha.

## Mambo ya pembeni

Kazi niliyoomba nayo imenunuliwa kabla ya majibu. Sasa?

Mwombe mnunuzi aiazime kwa maonyesho, na umwandikie stakabadhi. Akikataa, waambie waandaaji leo hii. Usichore nakala ukaipeleka.

Nachora Tingatinga. Watanichukua?

Wanakuchukua wakiona kilicho chako. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa kwenye vibao, akafariki 1972, na ndugu na wanafunzi wakaendeleza hadi ikawa mkondo wenye ushirika wake. Kupeleka chui aliyechorwa na watu mia si kosa kisheria, ila jaji ameshamwona. Wachoraji waliotoka humo na kuchaguliwa ni wale walioibeba lugha hiyo kwenye jambo lao: hospitali, daladala, uchaguzi. George Lilanga alitokea uchongaji wa Kimakonde na Nyumba ya Sanaa, kituo cha sanaa cha Dar, na hakuna aliyechanganya mashetani yake na ya mtu mwingine.

Niliiweka Instagram. Bado inafaa?

Karibu kila mahali, ndiyo. Wanachokataza kwa kawaida ni kazi iliyokwisha onyeshwa kwenye mji huo huo au iliyozidi miaka miwili au mitatu.

Naweza kupeleka kazi moja sehemu mbili?

Kuomba, ndiyo, kama masharti hayakatazi. Kuchaguliwa kote kwa tarehe zinazogongana ndiyo balaa, na atakayeachwa atalikumbuka jina lako. Andika kwenye daftari kazi gani iko wapi na mpaka lini.

Picha iliyotengenezwa na akili mnemba inakubalika?

Soma masharti, mengi sasa yana kipengele hicho. Ukiitumia kama mchoro wa awali, sema. Ukificha na ikajulikana, kazi inaondolewa ukutani.

Maonyesho yameisha miezi mitatu na kazi haijarudi. Nifanyeje?

Andika barua pepe yenye tarehe, picha ya kazi, na nakala ya mkataba au ile "tumekubali" yao. Wape siku 14. Wakinyamaza, waandikie wafadhili ambao nembo zao ziko kwenye bango, kwa lugha ya upole na bila matusi, ukiambatanisha barua zote. Hii hufanya kazi haraka kuliko kupost hadharani, na unaweza kupost baadaye kama imebidi. Ukiwa na mwenzako anayeishi mji huo, mpe barua ya kumruhusu akachukue kwa niaba yako, yenye sahihi yako na nakala ya kitambulisho, na umwambie aikague mbele yao kabla ya kutia saini popote.